Pombe Nyeusi Niliyoinusa Tu

Jumamosi, 1 Septemba 1951
Chupa ya nne. Kengele ya mezani ililia saa kumi na mbili jioni kama kawaida. Nikaacha viazi motoni, nikaenda. Bwana Stesheni, mzee ninayempikia, alishamimina glasi mbili, yake kubwa, yangu ndogo. Yangu nikaenda nayo jikoni "kuionja kwa utulivu", kama nilivyomzoesha. Nikanusa. Nikaimwaga kwenye ndoo ya majivu. Nikarudi kumwambia ladha yake.

Nilisema: kahawa iliyokaangwa ikakaribia kuungua. Nyuma yake sukari guru. Mwisho uchungu wa mnavu uliochemshwa mara moja tu. Akafumba macho, kisha akaandika yote daftarini.

Mzee wa watu hana pua. Baada ya kustaafu kazi ya stesheni ya reli, homa ilimwondolea uwezo wa kunusa, na ladha ikafuata. Pilau yangu anaila kama anayetafuna pamba. Hana mke, hana mtoto. Yuko peke yake hapa Kitale, na nduguye huko Goa ndiye aliyemtumia kreti hii ya chupa kumi na mbili. Akinywa anasikia baridi na kileo, basi. Ladha anaipata kwangu, kisha humwandikia nduguye barua juu yake.

Jumatatu, 3 Septemba
Naandika ili angalau hapa nisidanganye. Sijanywa tangu Krismasi. Mwaka jana nilikunywa mahindi yetu yote ya Bumula, gunia baada ya gunia, na Nasimiyu, mke wangu, akafunga virago akaenda kwao Chwele na mtoto wetu Wafula. Hakunitukana. Alisema mwaka mmoja, Krismasi hadi Krismasi, bila hata tone, ndipo atarudi.

Nilipokuja kuomba kazi ya upishi, mzee aliuliza jambo moja tu: unajua kuonja pombe? Nikasema najua. Na kweli najua, kuliko wengi. Nilikuwa na njaa. Mimi ni mwoga.

Jumamosi, 8 Septemba
Chupa ya tano. Nyeusi tititi, ukiinyanyua kwenye taa haipitishi kitu. Povu rangi ya chai ya maziwa. Harufu: moshi, ukoko wa sufuria, zabibu kavu. Kali. Mate yalinijaa. Nilisimama na glasi puani muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kisha nikamwaga.

Mzee alicheka kwa furaha nilipotaja ukoko. Ati nduguye ameandika kwamba anazisubiri barua hizo kuliko barua za wanawe. Nilitamani ardhi inimeze.

Jumapili, 9 Septemba
Kanisani. Benchi la nyuma. Hakuna aliyeniuliza habari za nyumbani.

Alhamisi, 13 Septemba
Mvua tangu mchana. Nimejipikia ugali. Miezi tisa, na bado mkono wangu unapima unga wa watu watatu.

Jumamosi, 15 Septemba
Chupa ya sita. Nasimiyu amekuja.

Alipanda lori la mahindi bila kunitumia habari. Watu walimwambia nimebadilika, na moyo wake ukashindwa kungoja Krismasi. Amenibebea kuku. Aliingia kwa mlango wa jikoni, glasi iko puani kwangu.

"Baba Wafula. Hata mwaka haujaisha."

Nikasema sinywi, nanusa tu. Hata mimi nisingeamini. Alimweka kuku chini, akageuka, akaenda. Nilimkimbilia hadi barabarani nikiwa na aproni. Hakutazama nyuma.

Kengele ililia mara mbili. Nikaenda nikamwambia mzee: kahawa, sukari guru. Yale yale. Hakugundua.

Jumapili, 16 Septemba
Kuku alilala amefungwa miguu. Nimemfungua. Anazunguka uani hajui pa kwenda.

Nani atanitolea ushahidi? Chupa sita, na kinywa changu mwenyewe kimesema mara sita kwamba nimeonja. Yote yameandikwa. Duniani hakuna mtu ajuaye kwamba sijanywa.

Jumanne, 18 Septemba
Nikimwambia mzee ukweli, naweza kupoteza kazi. Nisipomwambia, nimempoteza Nasimiyu. Nimepika supu nikasahau chumvi. Mzee hakujua. Nimejichukia.

Jumatano, 19 Septemba
Nimemwambia. Nilisimama mlangoni, nikasema yote, hadi ndoo ya majivu. Alifungua daftari akaanza kuuliza, ukurasa kwa ukurasa.

"Hata ile ya sukari guru?"

Hata ile, bwana. Ilikuwa harufu tu, na mengine ya kutunga.

Alifunga daftari polepole. Hakunifukuza. Afadhali angenifukuza. Nikamwomba barua kwa mke wangu. Akasema niende jikoni.

Ijumaa, 21 Septemba
Barua ilikuwa mezani karibu na sahani yake, wazi. Naiandika hapa kama ilivyo:

"Mama Wafula. Mimi nasema kweli. Mpishi hapana kunywa hata kidogo. Chupa sita yeye nadanganya mimi, napatia mimi maneno mzuri, nakwenda kumwaga pombe. Mimi nakasirika sana. Lakini yeye hapana kunywa. Rudi kwa mume yako. Nyumba bila mtu ni mbaya."

Nimempa dereva wa lori aipeleke Chwele. Nililia jikoni, sioni aibu kusema.

Jumamosi, 22 Septemba
Saa kumi na mbili. Kengele haikulia.

Jumamosi, 29 Septemba
Haikulia. Chupa sita bado ziko kabatini. Mzee huniambia "asante" baada ya chakula, hasemi lingine. Kutoka Chwele, kimya.

Ijumaa, 5 Oktoba
Nasimiyu amerudi. Wafula amekua, viatu vimembana. Mama yake alininusa mdomo kwanza, mbele ya mtoto, kisha akacheka. Ugali wa watatu umeliwa wote.

Jumamosi, 6 Oktoba
Viazi motoni. Nasimiyu anachambua mboga, Wafula anamfukuza kuku uani. Saa kumi na mbili nikasikia kizibo kikifunguliwa sebuleni. Glasi moja ikawekwa mezani. Moja tu. Nilikuwa nimeshajifuta mikono.

Nasimiyu akaniuliza nasikiliza nini.

Nikamwambia hakuna kitu. Nikageuza viazi.