Gunia la Uzi Mwekundu

Chang'ombe, Dodoma

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Goti lako linaendeleaje? Na baba, bado anabishana na redio? Mimi huku mzima, nakula vizuri, hata mlenda wa Wagogo nimeuzoea, ingawa samaki wa kwetu, migebuka, bado nawaota. Barua hii naiweka mkononi mwa Mama Shabani, jirani yangu, anayepanda treni ya Kigoma kesho. Kwa simu ningeanza tu kueleza, ungenikatiza kwamba salio linaisha.

Najua unachotaka kujua: nitafika kwenye harusi ya Zaina au sifiki? Vuta subira, mama.

Unakumbuka bosi wangu, Bwana Lameki, alivyoninyima ruhusa. Alisema hakuna likizo mpaka tuchague jukwaa. Sisi tunatengeneza vifaa vidogo vya kuzika ndani ya gunia la mahindi, vipime joto na unyevu, nafaka isije ikaoza. Kila kifaa kina laini yake ya simu, na taarifa zake zinakwenda mahali pamoja mtandaoni, tunazisoma hapo. Hapo ndipo tunapaita jukwaa. Ukishawauzia watu vifaa, kuhamia jukwaa jingine ni kazi ya kulia.

Yalibaki mawili. La kwanza lilikuwa na michoro ya rangi, na Bwana Lameki alilipenda kama mkwe mpya. La pili halikuwa na sura, maandishi matupu. Mimi nilitaka tuchague lolote, mradi niondoke. Nilimwahidi mdogo wangu Zaina kwamba hina yake nitampaka mimi, na siku zilikuwa zinayoyoma.

Basi tukaenda soko la Kibaigwa, kwa dalali mmoja wa mahindi, Mzee Yona. Tukazika vifaa viwili ndani ya gunia moja, kila kimoja na jukwaa lake. Ili wapakiaji wasiliguse, mimi na akili zangu nikalishona mdomo kwa uzi mwekundu. Sikuuliza mtu. Kumbe kwa Mzee Yona uzi mwekundu ndiyo alama ya gunia lililokwisha kununuliwa, lipandishwe kwenye lori.

Asubuhi yake tukakuta gunia halipo. Mzee Yona akanitazama, akasema taratibu, "Binti yangu, si umelifunga mwenyewe liende Dar es Salaam?" Niliiona harusi ikinipita hivi hivi.

Bwana Lameki akafungua jukwaa lake la rangi. Kijani tupu. "Mbona linasema gunia liko salama?" akauliza. Lilikuwa linaonyesha vipimo vya jana, maana kifaa chake kilipokosa mtandao njiani kilinyamaza na hakikuamka tena. Lile lisilo na sura liliandika wazi kwamba halijasikia kitu kutoka kwa kifaa chake. Tukakaa tunakunywa chai. Mara kifaa kikapata mtandao, na vipimo vyote kilivyovihifadhi njiani vikamiminika kwa mpangilio wake, pamoja na mahali gunia lilipo: Morogoro, na unyevu unapanda. Mzee Yona akampigia dereva. Dereva akapanda juu ya mzigo, akakuta turubai limechanika na mvua inaingia. Akalifunga vizuri, mahindi yakapona.

Mzee Yona alicheka mpaka akavua kofia. "Nileteeni hivyo vifaa ghala zima," akasema. "Ila uzi nitachagua mimi."

Bwana Lameki akaniuliza tuchague lipi, na kwa nini. Nikamwambia la pili, maana limelelewa na mama yangu. Alidhani natania. Lakini mama, siku naondoka si ulinishika mkono ukasema, "Ukikosa mtandao sitalalamika, ila ukiupata niambie yote, hata ya huko nyuma"? Nikamweleza hivyo hivyo. Akaniandikia ruhusa palepale. Nina furaha mama, jana nimeimba njia nzima.

Msalimie sana baba. Baba mdogo Hamisi, fundi wetu wa cherehani, mwambie anikatie gauni kwa vipimo vya zamani aongeze kidogo. Bibi Tatu aliyetulea naye asinifichie ubuyu.

Napanda basi Ijumaa. Kwenye misitu ya kabla ya Uvinza nitakuwa kimya, usianze kuzunguka uani. Mtandao ukirudi utapata yote kwa mkupuo. Na Zaina mwambie asimpe mtu mwingine mikono yake, hina nakuja nayo.

Mwanao aliye njiani,
Mwajuma