Vitabu vya Kilele Jazz

Dodoma, Machi 1994

Mwanangu Hamida,

Sisi hatujambo, ila ndege wamemaliza zabibu zangu.

Umeniuliza nikuchagulie vitabu vizuri kuhusu Kilele Jazz, umjue mchumba wako Habibu na bendi yake. Siku hizi za biashara huria vimejaa sokoni. Kile chembamba kina maneno ya nyimbo zote, anza nacho. Chenye jalada jekundu kina picha. Huyo mwimbaji aliyejifunga kitambaa shingoni ni mimi, shangazi yako.

Kile kinene ndicho bora, ila kinaposema niliacha kuimba kwa ugonjwa wa koo, usiamini. Habibu alinikaba kwa waya wa maikrofoni nyuma ya jukwaa, kwa sababu watu walikuja kunitunza mimi wakampita yeye. Nilipoanguka akanipiga teke la taya, meno yakatoka. Kisha akarudi kupiga gitaa, na watu wakacheza. Nyumbani nilisema nimeteleza.

Posa yake irudisheni.

Unasema kitabu chako amekitia sahihi, na mwandiko wake unakupendeza. Utazame vizuri, mwanangu. Ni mkono ule ule.

Shangazi yako,
Tabu