Uji wa Yuliana

Jumapili, 1 Juni 2025

Leo Yuliana kaweka dawa zake za presha madhabahuni. Mdogo wangu wa tumbo moja! Mume wangu Gaudens alimwita mbele, kamera zote zikamgeukia, kwaya ikanyamaza. Unaamini? Naamini, Baba. Pakti zikatua kapuni juu ya miwani na bandeji za watu. Kanisa likalipuka kwa vigelegele. Nami nilipiga makofi — mke wa mchungaji asipopiga, nani apige? Lakini moyo haukuwepo.

Jumatano, 4 Juni

Kipindi cha kanisa kimerushwa runingani. Simu za maombi hazikatiki, mpaka za Kigoma. Mume wangu anatembea sebuleni kama bwana harusi. Nikamwambia kuwa Yuliana kaamka uso umevimba, kichwa kinamgonga. Akasema naangalia kwa macho ya nyama, na nisiyaseme hayo mbele ya watu. Hana unafiki, hilo ndilo baya. Anaamini kila neno analolihubiri. Angekuwa tapeli ningejua pa kumbana.

Jumamosi, 7 Juni

Nimemsihi Yuliana mpaka nimechoka. Anakaa chumba cha uani hapahapa kwetu, hana pa kunikwepea. Kakataa. "Dada, nchi nzima imeniona. Nikimeza leo si nimemfanya Mungu muongo? Na shemeji je?" Kisha akashika ukuta asianguke. Mama yetu alikufa hivihivi, Masasi, mwiko mkononi.

Sikungoja tena. Nimejitanda khanga, nikaenda kumnunulia dawa zilezile famasi ya Msasani. Gongo la Mboto nzima inanijua, ila kule hawaangalii vipindi vyetu.

Jumapili, 8 Juni

Nimetwanga kidonge kwenye kinu cha vitunguu saumu. Nikakikoroga kwenye uji wa ulezi, ndimu na sukari nyingi. Kanywa wote. Eti, dada, ndimu za siku hizi chungu! Nikacheka naye. Bwana nisamehe. Au usinisamehe, ila aishi.

Jumanne, 17 Juni

Yuliana mzima! Siku ya kumi ya uji, uvimbe hakuna. Leo kaimba huku anafua, nami nikalia jikoni kwa furaha. Kisha Gaudens akaingia uani, akamwona, akapiga magoti palepale kwenye maji ya sabuni. Analia, mwanamume mzima. "Jesca, sasa umeona?" Kasema amepokea neno: Jumapili kila mwenye dawa azilete madhabahuni, na kipindi kiende mubashara.

Nikarudi jikoni. Nikaosha kinu. Nikisema, Yuliana hatapokea hata maji mkononi mwangu, atakufa na msimamo wake. Nisiposema — na hao wengine nani atawatwangia?

Alhamisi, 19 Juni

Tangazo limeanza kupita kwenye runinga. Uso wa Yuliana umejaa kioo kizima, umenawiri. Sijala tangu asubuhi.

Jumapili, 22 Juni

Asubuhi. Uji umeshanywewa. Turubai zimefika mpaka barabarani. Nimechungulia dirishani: watu wanakuja na mifuko. Dawa za sukari, za moyo, za kifua, na zile ambazo mtu hazitaji hata kwa ndugu yake. Mwanamke mmoja kazifunga kwenye pindo la kitenge kama sadaka. Gaudens kasema nitashuhudia wa kwanza mimi, maana ndimi ninayemlisha Yuliana. Nguo yangu nyeupe kainyoosha mwenyewe.

Nilikuwa naivaa mlango wa nyuma ukagongwa. Bi Hamida, jirani yetu wa ng'ambo ya ukuta. Mtu wa swala tano, ila kipindi hakimpiti. Nikamwamkia.

"Marahaba mwanangu. Mie kanisani kwenu siingii, unajua. Lakini wewe hujanidanganya hata siku moja." Akafungua mkoba: sindano zake za sukari. Miaka anajichoma yule mama. "Niambie kweli. Mdogo wako kapona? Mie niache?"

Nikamwacha jikoni, nikasema naomba nivae viatu, Bi Hamida, nakuja. Viatu nimeshavaa. Nimekaa kitandani naandika. Huko nje Gaudens ananiita, kamera tayari. Nitoke nimwambie huyu mmoja tu, chinichini? Akiuliza nimejuaje?

Mlango wa jikoni umefunguliwa. Ni Yuliana. Anamwamkia, anamvutia kiti — namsikia anacheka. Anamwambia usiogope, Bi Hamida, nitazame mimi —