Kikapu Chako Kimerudi Moshini

Kamwene, mama.

Najua hukujua kusoma, na hata ungejua usingekuwa na subira na karatasi. Lakini yaliyotokea bomani majuzi siwezi kukaa nayo peke yangu, na hapa nyumbani hakuna aliyebaki anayejua kudharau watu vizuri kama wewe. Kwa hiyo nivumilie.

Matanga yako yalipoanuliwa, wanawake wa upande wa baba walikuja kugawana vyombo vyako, kama ilivyo desturi. Mimi niliyekuzika sikuruhusiwa kugusa kitu kabla yao. Shangazi Tabita alitangulia, maana ndiye dada mkubwa wa baba, na tena ni mke wa Jumbe, jambo ambalo hajawahi kutuacha tulisahau. Akapita vyungu, akapita vibuyu, akanyoosha mkono juu ya jiko na kutungua kile kikapu cha mianzi cha kupakulia ugali, kile cha mwisho ulichokisuka. Yeye huyo, mama. Aliyekuwa akiingia jikoni kwako ameziba pua na upindo wa kanga, akisema vikapu vyako vinanuka moshi. Wewe hukuwahi hata kuinua macho. Ulimjibu huku unasuka: "Vinanuka moshi kwa sababu kwangu kunapikwa."

Siku ile ya kugawana nilikuwa nimelia mpaka nimekauka, nikamwangalia anatoka nacho.

Sasa sikia. Masika yalipokuwa yanakatika, Bwana Shauri, yule Mzungu mkuu wa wilaya, alitoa amri kwamba Njombe kuwe na sikukuu ya kazi za mikono na vyakula vya wenyeji. Sikukuu kwa amri! Sisi wa Lyamkena tulipakiwa kwenye lori pamoja na kuku, tukaambiwa tufurahi. Watu wa Iwawa waliteremka kwa miguu na viazi vyao, na walipofika wakaelezwa kwamba viazi vitashindanishwa kwa ukubwa. Aliyeshinda alileta dubwana lililojaa maji ambalo hata yeye asingelipika kwake. Wahunzi kutoka Upangwa waliletwa waonyeshe ufundi wao, ila wakakatazwa kuwasha moto, eti moshi utawasumbua wageni. Basi wakasimama kutwa nzima wakigonga chuma baridi, na watu wakawapigia makofi. Ulanzi nao, pombe yetu ya mianzi, ulikuwepo. Mchungaji alikuwa amesema sharti uitwe maji ya mianzi, ukaitwa hivyo, na ilipofika alasiri maji yale yalikuwa yamekwisha na kwaya ilikuwa inaimba nyimbo mbili kwa wakati mmoja. Ningekuwa nawe tungecheka mpaka tutolewe nje.

Mimi nilipangwa kusonga ugali wa ulezi, nyuma ya boma, kule ambako moshi usingemfikia mtu wa maana. Nilipotoka kuchota maji nikaiona meza ya vikapu. Shangazi Tabita alikuwa amesimama nyuma yake na gauni jeupe, na mbele yake kikapu chako. Alikuwa anamwambia karani wa boma kwamba amekisuka mwenyewe. Mikono ile haijawahi kupasua hata ufito wa tundu la kuku.

Na hali ya kikapu sasa. Tangu akichukue hakukitundika motoni hata siku moja. Alikiosha kwa sabuni, akakipaka mafuta ya nyonyo king'ae, akakiweka dirishani sebuleni ili wapita njia wakione. Unajua mwenyewe mwanzi ukikaa mbali na moshi unapatwa na nini. Wadudu walikwisha kuingia. Vumbi lao laini lilikuwa linadondoka juu ya kitambaa cha meza. Mke wa Bwana Shauri alilipitishia kidole, akanusa, akamuuliza karani kama huo ni unga wa chakula cha asili. Shangazi akajibu kwamba ndio wenyewe. Yule bibi akafurahi sana, akampa zawadi ya kwanza, beseni la bati. Ndiyo maonyesho ya kazi za mikono hayo: msukaji bora anapewa beseni la dukani.

Mpaka hapo nilikuwa nacheka moyoni. Kisha karani akatangaza kwamba bibi amekipenda kikapu na atakwenda nacho kwao Ulaya, akakitundike ukutani. Hapo, mama, niliumia. Ukingo wa kikapu kile uliumaliza ukikohoa, mimi nakushikia fito kwa sababu vidole vyako vilikuwa vimeanza kukataa. Sina kingine chako. Na kwa jinsi wadudu walivyokishika, kisingefika hiyo Ulaya. Kingebaki vumbi ndani ya sanduku, na wangelaumu ufundi wako.

Nilirudi jikoni. Ugali ulikuwa umeiva. Nilikamata chungu kwa matambara, nikapita katikati ya wageni mpaka kwenye ile meza, nikaupindua wote ndani ya kikapu. Moto vile vile, mweusi vile vile, mpaka ukajaa.

Nikasema, "Hiki ni cha mama yangu. Karibuni ugali."

Kwaya nzima iligeuka kutazama. Shangazi alinong'ona kwamba nimemwaibisha mbele ya Wazungu. Lakini bibi mmoja mzee wa Makambako, ambaye simjui hata jina, alinawa mikono, akamega tonge, akatafuna, akasogea kumpisha mwenzake. Wakaja wengine. Mke wa Bwana Shauri aliutazama ugali ulivyoganda kwenye fito, tabasamu likamtoka, akasema kupitia kwa karani kwamba atachukua mkeka. Na shangazi hakukidai tena, kwa sababu kilikuwa kimechafuka. Mtu aliyeringa nacho asubuhi alikiacha jioni kwa woga wa kukiosha. Alipanda lori na beseni lake.

Mimi nilipanda na kikapu. Sasa kipo juu ya jiko, pale pale. Kina matundu upande mmoja, lakini ule ukingo haukuguswa. Naupapasa kila ninapokuja kuchochea moto, na siku nyingine nakaa pale hadi ugali unaungua. Baba alinigombeza jioni nzima kwamba sina adabu, kisha akaomba apakuliwe humo.

Jumbe haitikii salamu yangu. Shangazi naye nasikia anawaambia wenzake kanisani kwamba siku hizi nanuka moshi kama wewe. Sijawahi kusifiwa hivyo maisha yangu yote.

Nakuahidi, mama, hakitalala tena mbali na moto. Nitapakulia humo kila siku, nikizibe kinapotoboka, hadi fito ziishe zenyewe, ili siku watakapokuja kugawana vyombo vyangu asikute mtu kitu cha kutungua pale juu.

Lala, mama. Umechoka na mimi nina ugali wa kusonga. Barua hii naitia motoni sasa hivi, chini ya kikapu chako, ikufikie kwa moshi, na mchungaji aseme atakavyo.

Binti yako,
Eliza