Kimya Nilichokijaza Maneno

Mwanangu ametengeneza filamu, na mimi nimo ndani yake.

Haya, sasa salamu. Assalaam aleikum, daftari langu, nanyi mnaolisoma. Leo Jumanne. Mvua ya vuli imenyesha tangu alfajiri, na baada ya adhuhuri jua limetoka jembamba, rangi ya chai ya maziwa. Nimekaa ukumbini, kofia mapajani, sindano mkononi, na kila nikiitia sindano kwenye kitundu, akili inanitoka. Nnaota mchana kweupe. Nikitazama dirishani nnaona theluji inaanguka taratibu juu ya mabati ya jirani, na jirani mwenyewe anaanua nguo kama hajaiona.

Majina humu nimeyabadilisha yote. Fahari tu ndiyo ya kweli.

Kwa asiyenijua: mimi ni mshona kofia, niliishia darasa la saba, na ndiye msimuliaji bora wa filamu Ng'ambo nzima, mitaa yetu hii. Sifa hiyo sikujipa mwenyewe, nimepewa na wenzangu, ingawa nnaona walichelewa.

Kazi yenyewe nimeirithi. Mama yangu, Mungu amrehemu, alikuwa akienda sinema siku iliyotengewa wanawake, anarudi na filamu nzima ya Kihindi kichwani, kisha anaisimulia wiki nzima huku anashona. Mimi nna televisheni, lakini mambo ni yale yale. Kila Jumapili baada ya alasiri wanakuja wenzangu watano na kofia zao. Kofia ya kushona kwa mkono haikupi ruhusa ya kutazama pembeni, ukikosea kitundu kimoja ua zima linapinda. Basi wao macho kwenye sindano, masikio kwangu. Mimi peke yangu ndiye ninayetazama.

Hapo ndipo nilipopata nafasi ya kukosea.

Nassor ni mwanangu wa pekee. Anaishi nchi ya baridi, anafanya kazi ya kukata na kuunga picha za filamu. Nilipomzaa, mkunga alisema mtoto huyu ana macho ya kutazama. Mwaka jana akaanza kunitumia filamu, na kwa kila moja ananitumia ujumbe wa sauti, ananieleza kisa chote kwa Kiswahili, kwani Kiingereza changu ni cha kubahatisha. Zote zilikuwa za watu wa namna moja. Wanaume wawili wanaopendana. Wanawake wawili wanaopendana. Ya kwanza nilidhani imetokea tu. Ya pili nilisema labda ndizo zinazouzwa huko. Ya tatu nilizima televisheni nikakaa, chai ikapoa.

Mama hudanganywa na wote isipokuwa moyo wake.

Basi niziseme hizo filamu, maana nimetazama nyingi na sitaki elimu yangu ipotee. Mimi filamu naipima kwa sufuria. Watu wakila vizuri ndani yake, aliyeitengeneza anajua maisha. Wasipokula, anajua kulia tu.

Ile ya wanawake wawili wanaokodisha magauni ya harusi sikuipenda sana. Nzuri kwa macho, magauni yananing'inia kama mawingu, na mimi kama mtu wa sindano niliusifu mshono wake. Lakini saa mbili nzima wanalia, na hakuna aliyekula hata mkate. Nilimwambia Nassor, wale wangekula wali na samaki wangepatana mapema. Itazame ukiwa na mafua, siku ambayo huna kazi.

Ile ya mkulima wa viazi nnakwambia itafute. Mtoto wa kiume anamleta mwenzake nyumbani kwa baba yake, na baba hasemi neno. Hafukuzi, hakaribishi. Anakaa anamenya viazi. Mwisho anamsukumia yule mgeni kisu na viazi vitatu. Basi, ndiyo filamu. Nilimenya viazi wiki nzima nikimfikiria yule mzee. Nikaota niko jikoni kwake, madirisha yameingia ukungu, nnamuuliza umewezaje, naye ananisukumia kiazi.

Lakini ukitaka kuanza, anzia ile ya vinyozi. Wazee wawili wana duka la kunyoa katika mji wenye theluji. Miaka arubaini wananyoa watu, na kila jioni wananyoana wao kwa wao, taratibu, mvuke umejaa kwenye kioo. Wanakula supu. Supu naiona mpaka leo. Kisha mmoja anaugua. Mwenziwe anamkimbilia hospitali, na pale mlangoni muuguzi anamuuliza, wewe ni nani wake?

Mzee hajibu. Anasimama na kofia yake mkononi. Anabaki kimya mpaka wewe unayetazama unataka kumjibia.

Mimi nilimjibia.

Nassor alishanieleza katika ujumbe wake: "Mama, pale usiseme kitu. Waachie wenyewe." Lakini wenzangu watano wamekaa, macho chini, wanangoja, na msimuliaji akinyamaza wanadhani umeme umekatika. Nikasikia sauti yangu inasema, "Mimi ni nduguye, tumezaliwa tumbo moja." Nikaendelea hivyo hivyo mpaka mwisho. Ndugu wawili. Bi Time, mkubwa wetu, akafuta machozi kwa kanga. Wakasema hawajapata kusikia upendo wa ndugu kama huo.

Na mimi kwa kupenda sifa nilikuwa nimejirekodi. Nikamtumia Nassor, asikie mama yake alivyoliza watu.

Alikaa kimya siku kumi na moja. Mtoto ambaye hunipigia kila Ijumaa. Nilishona kofia nzima nikaifumua, maua yote yalikuwa yamelala upande.

Siku ya kumi na mbili ukaja ujumbe wake. Alianza na shikamoo, kama nilivyomlea. Kisha: "Mama, umesimulia vizuri sana. Lakini yule si nduguye. Na Mateo ninayekaa naye si mwenye nyumba kama nilivyokudanganya. Miaka sita kila nikikupigia, Mateo anaweka kijiko chini na kukaa kimya, ili usisikie kuna mtu."

Nikaurudia mara ngapi sijui. Kilichonikata si jina la Mateo. Kijiko ndicho. Miaka sita chakula cha mtoto wa watu kinapoa kwa ajili yangu, nami niko huku nnajisifu kwamba nyumbani kwangu hakuna mgeni aliyeondoka na njaa.

Sitajifanya nnajua yote. Nnasali, nnafunga, na wapo watakaosoma hapa wakaniombea niongoke. Waombe, dua haikataliwi. Mimi katika kila sala nnamtaja mwanangu kwa jina lile lile nililompa. Nilimjibu maneno machache, kwa mara ya kwanza maishani mwangu: "Marahaba mwanangu. Mwambie Mateo ale." Kisha nikaongeza, anipimie kichwa chake kwa uzi aniambie ni inchi ngapi.

Anayejua kwetu anajua maana yake. Kofia za kuuza ni za yeyote, ya kupimiwa kichwa hushonewi na mtu baki.

Sasa hiyo filamu, kwa alivyonisimulia. Ni ya Nassor mwenyewe, dakika ishirini tu. Kijana anazungumza na mama yake kwenye simu, na mezani kuna mwenzake ameshika kijiko, hakitui wala hakiendi mdomoni. Sauti ya mama ni yangu. Aliniomba ruhusa, nikampa kabla hajamaliza kuomba. Nnauliza wamekula nini, nnalalamikia bei ya kitunguu, nnamsimulia harusi ya Chwaka. Watu wa nchi za mbali wamekaa kwenye ukumbi wa giza wakasikiliza bei ya kitunguu cha Ng'ambo. Anasema walicheka pale nilipotaka wacheke. Mimi sishangai.

Mwisho simu inakatika. Halafu kimya, dakika nzima. Wale wawili wanatazamana, kisha kijiko kinasogea.

Hapa kwetu filamu hii haitapita mlango wa ukumbi wowote, nami sitaki kuutafutia mji maneno. Itapita mlango wangu. Nassor anafika Alhamisi nayo, na ameniomba jambo moja. "Mama, usimulie wewe. Lakini mwisho ule usinijibie."

Nnaogopa. Niandike tu, si shajara hii? Wenzangu hawa ndio walioniosha kwa machozi yao mume wangu alipofariki, ndio waliokaa nami eda nzima. Nikisema kweli, naweza kubaki na televisheni na viti vitupu. Nikisema uongo tena, Nassor atarudi kwenye baridi yake na safari hii hatangoja siku kumi na moja, atangoja mpaka nife.

Jana nilikwenda kwa Bi Mwanaidi, kwanza kwa sababu ni jirani, na pili kwa sababu ulimi wake ukiwa upande wako huhitaji ukuta.

"Mwanaidi, Jumapili si filamu ya Kihindi."

"Mwaka mzima hatujamuona Mhindi kwako, Mama Nassor. Tushazoea."

"Ni ya Nassor. Ya wanaume wawili."

Akavuta uzi, akaukata kwa meno. "Kama wale vinyozi?"

"Wale walikuwa ndugu." Lilinitoka lenyewe.

"Mimi nna kaka watatu," akasema. "Mmoja akilazwa, wawili wanagombana nani asiende. Hawashikani mikono vile."

Nikamtazama. Hakuinua uso.

"Uliona?"

"Sindano yangu ilisimama, nikainua macho. Ya Bi Time ilisimama kabla ya yangu. Tukatazamana, tukarudi kushona. Wewe ulikuwa umeshanogewa, nani angekukatiza?"

Kumbe. Mwaka mzima mimi nawaficha, wao wananisitiri.

Nikamuuliza kama atakuja. Akapima uzi mwingine mkononi.

"Sikwambii kwamba nimekubali. Nnakwambia ntakuja. Nassor nilimbeba mgongoni siku ulipolala na homa, na alinikojolea, bado nnamdai radhi. Hao wenzetu wengine sijui kama watakuja. Kaanga sambusa za watu wote. Zikibaki tutajua nani hakuja."

Nilirudi nyumbani nikitembea kama mtu anayetoka sinema mchana, jua linamuuma macho na bado anasikia muziki.

Kofia ya Nassor imekwisha tangu juzi. Hii mapajani ni ya Mateo. Inchi ishirini na mbili na nusu, kichwa kikubwa, Mungu ambariki. Maua ni yale yale, sikuona sababu ya kubuni mengine. Imebaki safu ya juu, nayo itakwisha Nassor yupo, ataichukua ampelekee.

Na nimeamua. Ntasimulia tangu mwanzo kwa ufundi wangu wote, maana siwezi kuharibu kazi ya mwanangu kwa unyenyekevu. Lakini simu ikikatika, ntafunga mdomo. Nimeosha sahani nyeupe, ile kubwa ya pilau, nimeiweka katikati ya mkeka. Ntawaambia wenzangu waweke sindano zao humo na wainue macho, kila mtu ajionee mwenyewe. Atakayeondoka aondoke akiwa ameona, si kwa kuambiwa na mimi.

Mvua imeanza tena, ndogo, kama mtu anayefagia mbali.

Bi Mwanaidi, Bi Time, na nyinyi watatu mnaojijua, sahani ipo na mlango hautafungwa. Jumapili, baada ya alasiri.