Hata Chai Haijapoa

Tarehe 4 Machi

Mwanangu mpenzi,

Hujambo huko unakotengeneza malifti yako? Unakula? Usinijibu "sawa Mama" kama unavyofanya kwenye simu. Ndiyo maana nakuandikia barua nzima na kuituma kwa simu, barua utaisoma mara mbili. Mimi mzima, goti tu linanung'unika nikipanda ngazi.

Sasa shika kitu imara. IMEWAKA! Kompyuta nzima, kila kipande ulichonitumia, nimeiunga kwa mikono yangu hii juu ya meza ya sebuleni. Fundi simu wa kona alisema, "Mwalimu, niletee mimi." Nikamwambia nimewafundisha watoto wa watu kufunga kamba za viatu mpaka nikastaafu, nitashindwa na nyaya zenye rangi? Feni ikazunguka, nikapiga kigelegele mpaka jirani akaja kuuliza nani kajifungua.

Nikamimina chai, nikakaa nirekodi hadithi ya mbuzi aliyemeza kengele. Mbuzi kafika kwa daktari, anafungua mdomo, na kompyuta hiyo, kimya! Hata chai haijapoa. Nikawasha tena, ikazima tena. Na mkuu wa vipindi redioni anataka hadithi nzima kufikia tarehe kumi na nne, la sivyo nafasi yangu ya jioni anampa bwana mmoja achambue mpira. Mpira! Wamebakisha nini cha kuchambua? Kwa simu nimejaribu, inarekodi mpaka kikohozi cha jirani.

Nisaidie.

Mama yako

Tarehe 6 Machi

Shikamoo Mama,

Nakula, na hilo goti lipeleke hospitali. Barua yako nimeisoma nikiwa juu ya lifti, nikapiga ukelele, mwenzangu akadhani umeme umenipiga. Umeiunga mwenyewe! Picha uliyotuma nimemwonyesha kila mtu hapa kazini, hata asiyetaka.

Tuanze na mepesi. Chomeka moja kwa moja ukutani, achana na ile ekstensheni ya pasi. Vile vipande viwili vya memori, toa kimoja, jaribu, kisha ubadilishe. Na uniambie: ikizima ukaiwasha papo hapo, inakaa vilevile au inawahi zaidi kuzima?

Huyo bwana wa mpira asikutishe.

Binti yako

Tarehe 9 Machi

Marahaba mwanangu,

Natumaini umelala vizuri, maana mimi sijalala. Soketi nimezimaliza nyumba nzima. Memori nimetoa hii, nimerudisha ile. Wapi! Lakini swali lako la mwisho lina akili: nikiiwasha papo hapo, inazima kabla sijavuta kiti. Nikiiacha ipumzike mpaka asubuhi, inavumilia mpaka mbuzi anafika kwa daktari. Jana nilisimulia mbiombio ili niiwahi, mbuzi akakimbia kama kaiba, na bado hakutibiwa.

Redio wamepiga. Nimewaambia inakaribia. Mwanangu, tangu nistaafu sijatamani kitu namna hii. Zamani nilikuwa na darasa zima, sasa nayasimulia makochi.

Mama yako

Tarehe 10 Machi, asubuhi

Mama! Shikamoo! Ni joto! Ile chipu ya mraba, ubongo wa kompyuta, inachemka, nayo inajizima isiungue. Iwashe, ikikaribia kuzima gusa lile pande la chuma lililokaa juu yake, chini ya feni. La moto au la baridi? Jibu leo leo.

Binti yako

Tarehe 10 Machi, mchana

Marahaba. La baridi kama pua ya paka. Sasa joto gani hilo?

Mama

Tarehe 10 Machi, mchana huohuo

Mama, naandika huku nacheka peke yangu kama mwehu. Chini panachemka, juu baridi: basi katikati kuna kitu kinachozuia joto lisipande. Nikajiuliza ni nini, kisha nikaikumbuka nyumba yetu. Rimoti imo ndani ya nailoni. Godoro lina nailoni, utoto wangu wote nikijigeuza linapiga kelele. Makochi niliyokununulia kwa mshahara wangu wa kwanza yana nailoni mpaka leo, ulisema nitaivua mwenyewe siku nitakayorudi kuyakalia. Nami mtoto wa nyoka ni nyoka, simu yangu bado ina ngozi yake ya dukani.

Lile pande la chuma lilikuja na nailoni nyembamba upande wa chini. Uliibandua?

Binti yako

Tarehe 10 Machi, jioni

Mwanangu,

Niibandue kwa nini? Kilikuwa kitu kipya! Si nilikufundisha kitunze kikutunze?

Mama

Tarehe 10 Machi, jioni hiyohiyo

Ibandue, Mama. Futa ile dawa ya kijivu inayopitisha joto kati ya chipu na chuma, upake nyingine kidogo, kile kibomba chake hakijaisha. Kisha mlete huyo mbuzi.

Binti yako

Tarehe 13 Machi

Mwanangu kipenzi cha roho yangu,

Goti halijambo, hakuna anayejali goti leo. IMEKAA! Nilibandua, nikafuta, nikapaka, nikakaza skrubu. Nikamimina chai makusudi. Mbuzi kafungua mdomo, daktari katia mkono, kengele ikatoka ikilia, mbuzi akaenda zake nyumbani. Chai ikapoa, ikaota utando, kompyuta bado inawaka! Niliposikia sauti yangu mwenyewe ikifika mwisho, nililia. Redio wameipokea. Itasikika Jumapili ijayo jioni, na bwana wa mpira atajua pa kwenda.

Sasa sikiliza. Jana nilikaa nikiyatazama makochi. Miaka yote hii hayajui mgongo wa mtu. Nikajiuliza, hivi namtunzia nani nini? Nikachukua mkasi, nikayavua yale mafupi mawili. Kumbe ni ya kijani! Nilishasahau. Lile refu la dirishani nimeliacha, nilisema utalivua mwenyewe na neno langu ni neno.

Siku zote nakuambia uje ukipata nafasi. Nimechoka na adabu hiyo. Nina hamu na wewe, mwanangu. Njoo.

Mama yako

Tarehe 14 Machi

Shikamoo Mama,

Nimeisoma mara mbili, kama unavyopenda. Kisha nikaenda kwa bosi. Likizo zangu zote nilikuwa naziweka kwa ajili ya siku nzuri zaidi, nazo kumbe nimezifunga nailoni. Akanitazama, akasema, "Nilidhani huna kwenu."

Tiketi nimekata. Jumapili nitafika kabla kipindi chako hakijaanza. Mkasi uuweke mezani, na chai usiimimine mpaka nimekaa.

Binti yako, mwenye kochi refu