Sijaacha Kuruka Kwenye Theluji

Shikamoo mama,

Huku Uskoti baridi inauma kuliko ya Sumbawanga mwezi wa sita. Najua ulisema niache huu mchezo wa kuteleza na kuruka kwenye theluji tangu nilipovunjika mkono. Sijaacha. Jana kocha wa klabu ya chuo aliniambia mbele ya wenzangu, "Wewe rudi ukasome, kwenu hakuna theluji."

Nikamjibu, "Ndiyo maana nimeifuata huku."

Nikapanda kilimani, nikashuka kwa kasi, nikaruka, nikazunguka hewani mzunguko mzima, nikatua nimesimama. Wenzangu walishangilia, yeye alikohoa tu. Jumamosi naruka tena.

Nimekukumbuka sana, mama, pamoja na ugali wako wa ulezi. Ukienda kanisani uniombee nitue salama, usiniombee niache.

Mwanao,
Skola